Sauti Iliyosafishwa

Watu wakisikia kwamba napiga gitaa la besi kwenye bendi ya roki hapa Mbeya, hunibwekea. Kweli kabisa: wanakunja uso, wanakwaruza koo mbele yangu, halafu wanauliza, "Si ndiyo hivyo, Gerson?" Nimewachoka. Mwaka juzi tulipotangaza kwamba tunatafuta mwimbaji, walikuja vijana kumi na wanane kwenye chumba chetu cha mazoezi pale mtaa wa Soweto, na kumi na saba kati yao walibweka. Mmoja alileta mayai mabichi manne, akayameza mbele yetu moja baada ya jingine, ute ukimning'inia kidevuni, akidai yanafungua koo. Mwingine alikuwa amelewa tangu asubuhi ili sauti ikwaruze vizuri. Wa kumi na nane hakubweka, ila aliimba kwa pua, Kiingereza cha kwenye sinema, ilhali kwao ni Uyole, hapa hapa Mbeya. Nilitoka nje nikatema mate.

Yusta sikumpata kwenye usaili. Nilimpata sokoni, akigombana.

Alikuwa na meza ya viazi na maharage. Siku hiyo mnunuzi mmoja mwenye lori alitaka magunia yajazwe lumbesa, yaani yafungwe na nundu juu, karibu nusu gunia la bure. Yusta alikuwa anamkatalia. Hakupiga kelele hata kidogo. Sauti ilitoka chini tumboni, nzito, imechanika katikati, na kila ilipofika pale ilipochanika haikukwepa. Ilipita papo hapo mbele ya watu wote, ikaendelea. Yule bwana alipojaribu kumfunika kwa maneno, Yusta alimsubiri avute pumzi, kisha akaingia pale pale ambapo mpiga ngoma mzuri angempa nafasi. Nilisimama na mfuko wangu wa nyanya, mwili umenisisimka.

"Dada, unaimba?" nilimuuliza baadaye.

"Zamani."

"Na sasa?"

"Sasa nauza viazi. Unachukua ndoo ngapi?"

Nilichukua ndoo mbili ambazo sikuzihitaji. Alipoinama kunipimia, mtandio ulisogea nikaona kovu shingoni, limepita kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Kisa chake nilikipata kidogo kidogo. Alizaliwa Kilolo. Nyumba yao iko upande mmoja wa bonde na shamba liko upande wa pili, na mama yake, Mama Severina, akimtaka mtoto alisimama uani akaita tu, "Yustaaa!" Naye kutoka ng'ambo akaitika, "Abee!" Ndivyo alivyojifunza kuimba. Hakuna mwalimu anayeweza kukufundisha pumzi vizuri kuliko bonde la Kilolo. Akawa mwimbishaji wa kwaya kanisani, na watu walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura.

Kisha goita ikamvimba shingoni mpaka kumeza chakula ikawa taabu, akafanyiwa upasuaji. Daktari alikuwa amewaambia mapema kwamba mshipa wa sauti unapita jirani. Alirudi nyumbani mzima, lakini siku ya kwanza mama alipomwita kutoka uani, Yusta alifungua kinywa ukatoka upepo mtupu. Mama akaita tena. Akaita mara ya tatu. Yusta ilibidi ashuke bonde lote na kulipanda ili aonekane. Tangu siku hiyo Mama Severina hakumwita tena. Akimhitaji, alimfuata mwenyewe kwa miguu.

Baada ya miezi minne sauti ilirudi, ila haikuwa ile. Ilikuwa nzito, yenye mpasuko. Na hapa ndipo ninapochefukwa. Mwalimu wa kwaya hakumfukuza, maana kumfukuza kungeonekana vibaya. Alimwambia asimame palepale mstari wa mbele, avae sare, awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti, ili kwenye mashindano mstari usionekane na pengo. Mwaka mzima mwanamke mtu mzima alifungua na kufunga mdomo mbele ya altare kama samaki, na watu wazima wenzake, wenye kusali, wakaona ni utaratibu mzuri. Alipokuja Mbeya kuuza viazi alikuwa ameapa kutoimba tena. Mama yake naye alikuwa anamwomba kwenye simu, "Usijitese, mwanangu. Ile sauti iliisha. Tushukuru uzima."

Ilinichukua miezi mitatu ya kununua viazi mpaka akakubali kuja mazoezini.

Nitawaambia sasa kinachomfanya mwimbaji wa roki awe mwimbaji, maana nimeona uchafu mwingi ukiitwa kwa jina hilo. Yusta hakugusa pombe wala mayai. Alikunywa maji ya uvuguvugu na kulala mapema. Koo likichoka alisema, "Leo basi," akavaa kandambili zake akaondoka, nasi tukabaki tunatazamana. Alilitunza koo lake jinsi dereva wa lori anavyotunza breki kabla ya kushuka mlima Kitonga. Alimsikiliza Isakwisa, mpiga ngoma wetu, kuliko sisi wengine tulivyomsikiliza. Lakini hayo yote mtu anaweza kujifunza. Lisilofundishika ni kwamba alipofika pale penye ufa hakupapaka rangi. Na alikuwa na jambo la kusema, na mtu wa kumwambia.

Alitunga wimbo mmoja akauita "Ng'ambo ya Bonde." Kiitikio chake ni maneno machache tu: *Abee, mama, nipo huku.* Mara ya kwanza alipouimba, Isakwisa aliweka fimbo chini akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, dada," akatoka nje kujifuta macho. Yusta alituambia hana haja ya kuwa maarufu. Alitaka kitu kimoja: mama yake amsikie akiuimba, mara moja, ajue kwamba binti yake anaitika.

Ndipo akaja Eliezeri. Ana studio, ana miwani myeusi hata mvua ikinyesha, na alikuwa anaandaa tamasha Iringa mjini. Iringa ni karibu na Kilolo, kwa hiyo tulikubali haraka. Alirekodi wimbo, akatuita baada ya wiki moja tuusikilize. Alibonyeza, akakaa nyuma anatabasamu. Ikatoka sauti laini, nyororo, haina pumzi wala mkwaruzo, ingeweza kuwa ya binti yeyote kwenye tangazo la sabuni.

"Nimeisafisha," akasema. "Kulikuwa na takataka nyingi."

Takataka! Alimwambia Yusta hivyo, usoni. Kisha akaongeza kwamba siku ya tamasha Yusta afunge kitambaa shingoni, kwa sababu wageni watakuwa wanakula na kovu lile linaondoa hamu, na kwamba wimbo utapigwa kutoka kwenye flashi, Yusta afuatishe kwa mdomo, ili pasitokee aibu.

Yusta alinitazama mimi. Mimi ndiye kiongozi wa bendi. Nikasema, "Tuvumilie, dada, angalau mama atakuona jukwaani." Mpaka leo nikikumbuka sentensi hiyo najisikia kunuka.

Tukafika Iringa, Jumamosi saa tisa alasiri, ukumbi umejaa, baridi inaingia kwa milango. Mama Severina alikuwa amekaa mstari wa mbele pembeni, na kitenge chake kipya, mikono mapajani. Nilimsalimia kwa Kihehe, "Kamwene, mama," akaitika kwa kuinamisha kichwa, ana wasiwasi. Flashi nilikuwa nayo mimi. Niliichomeka mwenyewe kwenye mashine iliyokuwa kando ya jukwaa, nikapanda na gitaa ambalo waya wake haukuunganishwa popote.

Ubeti wa kwanza Yusta alifuatisha. Ubeti wa pili ulipoanza, alifunga mdomo. Akasimama tu, midomo imebanwa, kitambaa shingoni, macho kwa mama yake, na ile sauti ya sabuni ikaendelea kuimba juu ya kichwa chake, abee, mama, nipo huku, hadi mwisho. Nilingoja watu wazomee. Nilitamani wazomee. Wakapiga makofi! Walikuwa wamenyanyua simu wanarekodi, wengine wanatafuna, na hakuna aliyejali kwamba mwimbaji hakuwa anaimba. Sijawahi kuwachukia watu kiasi kile, na nilianza na mimi mwenyewe.

Niliteremka kuchomoa flashi. Mama Severina akanivuta mkono.

"Baba, samahani. Huyu mtoto wa kwenye redio kamaliza. Yusta wangu ataimba saa ngapi?"

Hakuwa anadhihaki. Alikuwa anauliza kweli, kwa adabu, kama mtu anayeuliza muda wa basi.

"Sasa hivi, mama," nikasema.

Niliitia flashi mfukoni. Nikawasha kipaza sauti cha Yusta kwenye mashine, nikapanda nikachomeka waya wa gitaa. Isakwisa alinitazama mara moja tu, akainua fimbo. Yusta akafungua kitambaa, akakidondosha sakafuni, akavuta pumzi kutoka chini kabisa.

Ilitoka ile ya sokoni. Ilipanda, ikafika penye ufa, ikapasuka mbele ya ukumbi mzima, ikapita. Watu walishusha simu. Mezani kwa Eliezeri mtu alicheka. Mshereheshaji akarukia kipaza sauti chake, akasema juu ya wimbo, kwa sauti ya mafuta, "Wapendwa, mtuwie radhi, tuna hitilafu kidogo ya mitambo..."

Mama Severina alikuwa ameshasimama, kiganja kimoja kooni kwake.

"Nyamaza, baba," akamwambia. "Mwanangu ananiitika."