Misisi Yohana Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi moja ya kusajili mashamba Tabora mjini, Karani Mkuu alinikalisha mbele ya taipureta. Akanionyesha namna ya kupachika kaboni ili nakala ya masjala, yaani chumba cha mafaili, itoke safi. Kisha akaniambia, "Binti, mwanamke mwenye ndoa haandikwi jina lake. Andika Misisi, halafu jina la mumewe. Ndiyo adabu."

Adabu! Nikaandika hivyo Kigwa, nikaandika hivyo Goweko, kila nilikohamishiwa. Sikuuliza kitu. Nilijiona mstaarabu kweli kweli.

Nilipohamia Ipole akaja dada mmoja, Veronika, kusajili shamba la tumbaku aliloachiwa na baba yake mzazi. Yohana, mumewe, hakuwahi kushika jembe pale. Tulikuwa majirani, tukichota maji kisima kimoja. Aliponitajia jina lake nikacheka. "Kwani huna mume, dada?" Nikapiga chapa: Misisi Yohana.

Miaka ikapita. Yohana akahamia Igunga, akaoa mke mwingine bomani, kisha akafa. Mjane wa Igunga akaja Ipole na shemeji zake kudai shamba, cheti cha ndoa mkononi. Veronika aliolewa kwa mahari tu, cheti hana. Barazani, kesi ilipokuwa ikisikilizwa, shemeji mmoja akasimama. "Misisi Yohana ndiye huyu. Huyo mwingine ni hawara!"

Nilichemka, maana siku hizo nilikuwa nimeshaifungua kamusi ya Kiingereza ya kabatini. Misisi ni mkato wa neno la zamani la Waingereza, mistress. Lilimaanisha mwanamke mwenye mamlaka, bibi wa nyumba na mali, awe ameolewa au hajaolewa. Wakaja kulipunguza likawa mke wa fulani. Na lile neno refu, kabla ya kukatwa, ndilo leo wanalomwitia hawara! Yaani neno moja lilimpiga Veronika mara mbili.

Nikainuka. Afisa Mfawidhi, mkubwa wangu, akanivuta gauni. "Kaa chini, mama. Unataka kuiumbua ofisi? Faili limeshasema."

Nikakaa. Shamba likaenda Igunga.

Sasa nimestaafu na hasira haijastaafu. Namkasirikia Karani Mkuu, namkasirikia Mfawidhi, nanyi vijana pia, mnaojaza fomu kwenye kompyuta. Mmebadilisha mashine tu. Juzi nimeona kwa macho yangu "mke wa" kwenye nafasi ya jina, nikatamani kuing'oa ile skrini.

Mwezi uliopita nilikwenda Ipole. Nilimkuta Veronika akipalilia kibarua, shamba lile lile la baba yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Nikaanza kumweleza asili ya misisi, mamlaka, kamusi, makosa ya wakubwa wangu. Akanikatiza.

"Siku ile barazani, jina langu ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua."

"Si ungelitaja."

Akainamia jembe lake.