Niliimba sifa ya Direkteri, Papa Ndoole akaanguka

Munaosoma ukurasa huu na ninyi munaosomewa, salamu. Mwenye ukurasa ameniahidi kuficha jina langu, na ni vizuri, maana kwa kampi yetu, upande wa Pinga, hakuna muntu asiyenijua. Niko na miaka kumi na tisa. Nilisoma kwa mapadri mpaka mwaka wa ine, wakanifukuza kwa sababu ya kucheka ndani ya misa. Mali sina, lakini sauti niko nayo. Nikipita, wamama wanaacha kutwanga. Siyo majivuno, muwaulize wenyewe.

Sauti hiyo njo ilinipa kazi. Bwana Direkteri wa kampuni yetu ya kuchimba akienda kutazama machimbo ya pori, watu wane wanamubeba ndani ya kipoyi, kile kiti cha mabega. Mimi ninabeba mbele na ninaimba. Wimbo siyo muchezo: wawili wa nyuma hawaone njia, kiti inawafunga macho. Nikiimba "jiwe, kuume," wanahepa. Nikiimba "muti umeoza," wanapapasa na miguu kwanza. Papa Ndoole, jirani yetu, anabeba nyuma tangu sijazaliwa. Ananiambia kila mara, "Mutoto, macho yangu iko ndani ya kinywa yako."

Siku moja Direkteri akapata mugeni. Akaniita peke yangu kwa baraza yake: "Leo sitaki kelele ya mawe na mashimo. Munaimba vile ili mutembee polepole. Imba sifa yangu, njia yote. Ukiimba vizuri, nitakufanya kapita, musimamizi wa wabebaji wote."

Kapita, mimi! Nikajibu, "Ndiyo, Bwana." Wenzangu nikawaambia tu kama leo ni sifa. Papa Ndoole akauliza, "Na mashimo?"

"Papa, nikiona kitu kibaya nitaimba."

Direkteri na mugeni wakapanda wote wawili ndani ya kipoyi kimoja. Nikaimba Direkteri ni simba, nyani zinamuachia njia. Mugeni akacheka. Nikaongeza: mugeni amekula mbuzi mbili asubuhi, mabega yetu njo inajua. Lo! Hata watu wa nyuma wakacheka. Tukafika kwa kilalo, daraja ya miti juu ya muto. Muti wa kuume, upande wangu na wa Papa Ndoole, ulikuwa umeoza. Niliuona, wasomaji. Niliuona vizuri kabisa. Lakini mugeni alikuwa anapiga mikono, na beti ilikuwa haijaisha. Nikauruka, nikamaliza beti yangu. Nyuma nikasikia muti unavunjika.

Direkteri na mugeni walitoka na matope kwa suruali tu. Papa Ndoole alivunjika muguu, na mpaka leo hausimame. Direkteri akawaambia wakubwa wake kama muzee alikuwa amelewa. Muntu ambaye hanywe hata kasiksi, pombe ya ndizi, ya arusi! Na mulevi anafukuzwa, anatoka ndani ya nyumba ya kampuni na bibi na watoto.

Sasa malalamiko juu ya Direkteri imekuwa mingi, na mukubwa wa kampuni anatoka Ulaya kuja kutuuliza mbele ya Direkteri mwenyewe. Amri ile niliisikia mimi peke yangu. Direkteri anajua hilo. Alinitumia kofia ya kapita, kisha akaniita: "Ukisema nilikukataza, nitakuuliza mbele ya wote: wewe hukuona muti?" Wenzangu wanafikiri sikuuona.

Jana nilipelekea Papa Ndoole ndizi, nikiwa na nia ya kusema yote. Akanitangulia: "Wee mutundu, uniimbie tena ile ya mbuzi mbili. Nilikuwa ningali nacheka wakati nilianguka." Nikafungua kinywa. Sauti yangu, ile ninayojisifia, haikutoka.

Nikinyamaza, Direkteri atabaki juu ya mabega ya watu, na muzee atafukuzwa kama mulevi. Nikisema amri, nitaulizwa muti, na Papa Ndoole atajua macho yake iliona, ikanyamaza. Kofia iko chini ya kitanda, sijaivaa. Wababa, wamama, kaka na dada zangu, mukubwa yule yuko njiani. Niambieni: nitasimama mbele yake na neno gani, na kwa Papa Ndoole nianze wapi?