Nusu ya Kitanda

Katika wodi ile ya wanawake, ukiinuka kitandani umekwisha. Ukirudi utamkuta mwenzio. Kwa hiyo ndugu walikuwa na mbinu yao: mgonjwa akipelekwa kupigwa picha, ndugu analala mahali pake mpaka arudi. Mama Dobi, aliyefulia watu nguo tangu usichana wake, aliijua mbinu hiyo vizuri. Mdogo wake alikuwa na maji kwenye mapafu, na ile nusu ya kitanda aliyoipata kwa mbinde, akilala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, na bibi mmoja mwenye kidonda cha mguu, ndiyo ilikuwa salama yake. Chini ni saruji tupu, imelowa maji ya chooni.

Basi mdogo mtu akaondolewa kwa kiti cha magurudumu, dada mtu akapanda kitandani, akajifunika shuka gubigubi. Maskini, hakuwa amelala siku nyingi. Usingizi ukamchukua papo hapo.

Aliamshwa na ubaridi wa chombo cha daktari kifuani. Daktari mwenyewe hoi, macho mekundu, huku anaitwa, kule anaitwa.

"Unaendeleaje, mama?"

Loo! Aseme nini? Ndugu akikutwa kitandani anafukuzwa, na kitanda kinakwenda.

"Vizuri, daktari," akajibu kwa adabu.

"Hata kifua ni safi. Mruhusuni huyu."

Lahaula! Akaruka, akaeleza, akaapa; wapi, daktari alikwisha kuitwa mbio wodi ya pili. Muuguzi akajishika kichwa.

"Dada yangu, umeniponza na mimi! Akishamruhusu mtu, siwezi kumrudisha. Mpaka raundi ya kesho."

Alikuwa akisema hayo huku anamlaza pale msichana anayehema kwa shida, midomo imembadilika rangi. Mama Dobi ana mdomo, mtaani wanamjua. Lakini binti wa watu yule angemfokea nini? Akakusanya vitu vyake.

Mdogo wake aliporudishwa, alimkuta dada ametandika shuka mbili sakafuni, karibu na mlango wa choo, analia waziwazi. Akasimuliwa yote. Hakugomba. Alijishusha taratibu, akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Lakini ulilala kidogo, dada?"

"Nililala."

"Afadhali," akasema, kisha kikohozi kikamshika tena.