Mhifadhi wa Vitambaa vya Kale

Mhifadhi wa vitambaa vya kale huongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekaa karibu na mgonjwa aliyesinzia. Hata katika mikutano yetu ya kupanga maabara ya taifa ya kutunza vitu vya kale, vidole vyake huelea juu ya meza bila kuigusa.

Siku ile mwenyekiti alitaka ijengwe maabara moja tu makao makuu, na makumbusho yote yapeleke vitu huko. Mhifadhi akafunua sanduku. Ndani mlikuwa na shuka la harusi, jepesi kama ukungu.

"Limetoka mtaa wa pili tu, mwenyekiti," alisema. "Nimelipakata kama kichanga."

Uzi mmoja ukajitenga mbele ya macho yetu, ukapeperuka taratibu. Mwenyekiti akainuka mwenyewe, akazima feni.

"Basi," akasema, "tupange maabara zitakazovifuata vitu vilipo."