Mlonge, Ukungu na Shikamoo ya Mama Mkubwa

Mwaka niliorudi Kirongwe, kijijini kwetu kisiwani, na shahada yangu, nilipewa chumba nyuma ya ofisi ya kilimo ili nioteshe dawa bila mti. Hivyo ndivyo nilivyowaeleza watu, na ndiyo maana hawakunielewa. Nilikata kipande cha jani la mlonge, nikakiweka kwenye chupa ya jamu yenye rojo la sukari, kikavimba kuwa donge jeupe kama mtindi. Donge lilitakiwa kutengeneza protini ya kuua bakteria. Likaota ukungu.

Kila kundi liliharibika. Nililaumu maji, popo wa darini, hata dhambi zangu, nikizipanga kwa uzito. Mwalimu wangu wa chuo akapiga simu kutoka bara: zikioza chupa sita zilizobaki, chumba kinarudi kuwa stoo ya mbolea. Kisha akauliza kama huwa naongea chupa zikiwa wazi.

Dirisha langu lilitazama njia ya kisimani. Kila aliyepita alinisalimu, nami nilishusha barakoa kidevuni ili nisikike, nikauliza habari za watoto, za shamba, za goti la bibi yao, mdomo wangu ukiwa juu ya chupa, pumzi na mate vikiingia humo. Kumbe sikuwa naotesha mlonge. Nilikuwa naotesha adabu.

Siku ya chupa za mwisho nilifunga dirisha na mdomo. Nikiwa nimeshika kisu kilichotoka motoni juu ya chupa iliyo wazi, mama mkubwa, dada yake mama, aliingia na bakuli la mihogo. Akasimama akingoja shikamoo yake. Nikamtolea macho tu. Aliweka bakuli chini akaondoka, na kufikia alasiri kijiji kizima kilijua kuwa chuo kimenitia kiburi.

Wiki tatu chupa zilibaki safi. Nilisaga madonge, nikadondosha maji yake kwenye sahani ya bakteria. Kesho yake palikuwa na duara tupu, dogo kama kifungo cha shati, ambamo bakteria walikuwa wamekufa. Mwalimu alisema niendelee. Nilikimbia kwa mama mkubwa, nikamwamkia, nikaeleza yote.

Alimaliza kukuna nusu ya nazi, muda wa kutosha mimi kutunga wosia.

“Marahaba,” akasema. “Hiyo dawa inatibu nini?”

“Bado hatujajua.”

“Kwa hiyo mwanangu umeninyima salamu kwa ajili ya dawa isiyo na ugonjwa.”

Nilianza kueleza habari za majaribio. Akanisukumia mbuzi yake ya kukunia na nusu ya pili ya nazi, nikakaa nikakuna.