Soksi za Rangi ya Ngozi

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Naogopa lifti, naogopa mbwa, naogopa simu inayolia alfajiri. Lakini sijapata kuogopa mahali kama nilivyouogopa ule uwanja wa barafu wa Maskati, ambako binti yangu wa miaka kumi alikuwa akijifunza kuteleza, kuzunguka na kuruka, na miguuni amevaa viatu vyenye vyuma vikali kama visu vya jikoni.

Sisi tulikuwa tukikaa Ibra, mji wa bara ya Omani. Mimi nilisomesha Kiingereza skuli ya wasichana, na mume wangu alifanya kazi wizarani Maskati, akija nyumbani kila Jumatano jioni kwa mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa. Tulikuwa na mama yake, mzaliwa wa Unguja mjini, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi. Mambo yalianza kwa dishi la televisheni. Tulipoliweka juu ya paa, mwishoni mwa miaka ya tisini, Bibi aliyagundua mashindano ya kuteleza kwenye barafu na tangu hapo hakuyakosa. Kwake ilikuwa harusi isiyokwisha: nguo za kumeta, muziki, na watu wa kuwasema. Binti yangu, bado mdogo, alikaa karibu naye wakaila miguu ya watu kwa macho.

Wengi wa wachezaji wale walikuwa weupe, na baadhi Wajapani na Wachina. Mara moja moja alitokea msichana mweusi, na hapo Bibi alikaa kitako sawasawa. "Huyu wetu," akisema. "Hebu nyamazeni tumtazame." Bibi mwenyewe ni mweupe wa Kiarabu. Mweusi ni mimi, niliyechukua rangi ya mama yangu wa Pemba, na binti yangu kanichukua mimi vilevile, mpaka vidole.

Bibi hakujua Kiingereza, ndiyo maana alikuwa akifurahi. Mimi niliwasikia watangazaji. Msichana mweusi walimsifia nguvu: ana misuli, anaruka juu, ana pumzi. Wenzake walisifiwa madaha, shingo, mikono laini. Huenda walisema kwa nia njema. Lakini mchezo ule una alama za kuruka na alama za madaha, na za madaha zinatolewa na watu waliokaa kwenye viti wanakutazama. Mkimbiaji ana mstari wa mwisho, akiuvuka kauvuka. Huyu wa barafu hana mstari, ana macho ya watu. Namba zilipotokea kwenye televisheni nilizisoma kama vile anayehukumiwa ni wa kwangu.

Mwisho akawa wa kwangu kweli. Skuli ya binti yangu iliwapeleka Maskati kwa matembezi, wakapitishwa kwenye uwanja wa barafu, na alirudi Ibra hana habari nyingine ya kusema. Alimlilia baba yake miezi mitatu. Baba yake hana moyo wa kumkatalia mtoto, akamwandikisha, na ikawa kila Alhamisi tunaamka mapema, saa mbili za njia, baba yake akiendesha, mimi mbele na tasbihi, yeye nyuma na viatu vyake mapajani.

Nilisimama kwenye ule ukuta wa kioo nikasoma Ayatul Kursiy mpaka midomo ikakauka. Kila aliporuka nilifumba macho, nikayafumbua baada ya kusikia vyuma vimerudi chini. Mwalimu wake, mwanamke wa Kifilipino mpole sana, aliniambia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza nisihofu, mtoto ana kipaji. Na alikuwa nacho. Hata mimi nisiyejua kitu niliona alivyoinua kichwa, kama anayesubiriwa na watu.

Siku moja nimesimama pale na buibui langu, nimetoka kumwambia mtoto kwa Kiswahili afunge kamba za viatu, nikasikia wanawake wawili nyuma yangu wanasema kwa Kiarabu. Mmoja akasema, "Siku hizi hata mayaya wanaleta watoto wao." Mwenziwe akacheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anayechekea jambo la kawaida. Kiarabu cha kuwajibu nilikuwa nacho, tena kingine kingebaki. Lakini nililivuta buibui mbele nikaendelea kutazama barafu.

Hayo hayakuwa mageni kwangu. Nilipoletwa Ibra kutoka Zanzibar nilikuwa na miaka kumi na miwili, na katika harusi ya mwanzo shangazi yangu alinipaka poda nyeupe usoni na shingoni kabla wageni hawajaingia. Akasema ili nipendeze. Halafu akaniweka nyuma, kwenye birika za kahawa. Nilijifunza siku ile kwamba kuna macho yanayokupita kama hupo, na tangu siku ile nimekuwa nikiyaogopa.

Yakaja mashindano, madogo tu, ya watoto wa uwanja ule: Waingereza, Wahindi, Mlebanoni mmoja, Wafilipino wawili na wetu. Mwalimu aligawa soksi ndefu za kuvaa chini ya sketi, akasema ni za rangi ya ngozi. Tulipozifungua nyumbani zilikuwa na rangi ya plasta ya kidonda. Binti yangu alizivaa akajitazama.

"Bibi, hii si mguu yangu," akasema kwa Kiswahili chake cha Ibra.

"Rangi ya ngozi ya nani hiyo?" Bibi akauliza. "Lete hapa, mwanangu."

Akachemsha majani ya chai mazito kama lami, akatia na buni kidogo, akazitosa. Akaanika, akazilinganisha na muundi wa mtoto kwenye mwanga wa dirisha, akatosa tena. Mara tatu. Ilipofika jioni huwezi kujua soksi inaishia wapi na mtoto anaanzia wapi. Alinionesha kwa fahari, nami nikamsifu, na huku moyoni naona waamuzi, naona wale wanawake wawili, naona mwanangu katikati ya ule weupe wote hana pa kujificha. Usingizi ulinipaa kwa wiki nzima.

Jumatano nikaenda soko la wanawake, pale Ibra ambapo wanaume hawaingii, nikanunua kopo la poda, ile ya maharusi. Muuzaji akaniuliza harusi ya nani. Nikamwambia ya ndugu. Kesho yake, siku ya mashindano, Maskati nikanunua soksi nyingine za rangi ile ile ya plasta, nikazificha mkobani. Bibi alizileta soksi kwenye rangi ya mtoto, mimi nikaamua kumpeleka mtoto kwenye rangi ya soksi. Wakati ule niliona ni busara.

Nilimwingiza kwenye choo cha uwanja nikafunga mlango, nikamvalisha zile soksi mpya. Nikamwambia mtoto wa kike hatoki kwenye watu uso mtupu, jambo ambalo kwetu mtoto yeyote amelisikia kwenye harusi, kwa hiyo hakushangaa. Alifumba macho akaninyooshea uso. Nikapaka mashavu, nikapaka paji, nikashuka.

"Mama, kwa nini mpaka shingo?"

"Taa za humu kali."

Akafumbua macho, akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Akazitazama na soksi.

"Wale wengine hawajapaka," akasema.

"Wao hawahitaji."

Lilinitoka hivyohivyo, nikiwa nafunga kopo. Nililisikia baada ya kulisema, na kwenye kioo nikaona na yeye kalisikia. Nilitaka kusema neno jingine juu yake, lolote, lakini mlango uligongwa na mwalimu akamwita. Mwalimu alimtazama usoni, kisha akanitazama mimi. Akamshika mkono akaenda naye.

Hakuanguka. Nataka hilo lijulikane, maana nilichokuwa nikikiogopa miezi yote ile ni kuanguka. Aliruka kila alichofundishwa, akatua kila alichoruka, na safari hii sikufumba macho hata mara moja. Lakini aliteleza kutoka mwanzo wa muziki mpaka mwisho kainamisha kichwa, kama aliyedondosha kipini anakitafuta. Alipopita karibu na watu aligeuza uso upande wa pili. Mikono ilikuwa karibu na mashavu. Nilimwita kwa sauti, nikamwambia ainue kichwa, wakageuka wote isipokuwa yeye.

Alama za kuruka zilikuwa nzuri. Za madaha zilikuwa za chini kuliko za wote, na waamuzi hawakukosea. Mtu gani angempa alama za madaha mtoto ambaye hataki kuonekana? Alikuwa wa saba katika wanane. Mwalimu alinifuata kwenye ngazi akaniuliza kulikoni, kila Alhamisi anainua kichwa, leo kapata nini. Nikamwambia labda kaona haya watu wengi. Hata huyo nilimdanganya.

Njiani nilikaa mbele kama kawaida. Alikuwa ameosha uso, amebakisha ukungu mweupe chini ya sikio, na nilitamani kuufuta lakini sikuthubutu kunyoosha mkono. Tulipita milima. Karibu na kituo cha mafuta baba yake akamwambia asijali, kuna mashindano mengine.

"Yale mengine nataka Bibi anilete," akasema.

Baba yake akacheka. "Na magoti yale ya Bibi? Atapandaje ngazi?"

"Nitamshika."

"Na mama je? Mama ndiye anayekuleta siku zote."

"Mama abaki nyumbani. Mama anaogopa."

Mume wangu alinitupia jicho la kunitania, maana uoga wangu ni mchezo wa nyumba nzima. "Mama yako anaogopa barafu," akamwambia. "Tunajua."

"Si barafu," akasema binti yangu. Alikuwa akitazama nje, na aliongea taratibu, bila hasira, kama anayemfahamisha baba yake jambo ambalo yeye kashalifahamu. "Anaogopa uso yangu."

Baba yake aliacha kucheka.