Mwendo wa Kadi ya Seifu

Seifu wa mtaa wa Buyenzi alianza maisha kwenye kabureta. Kabla hajaijua kompyuta alikwisha kujua, kwa sikio tu, gari lipi linakunywa petroli kupita kiasi, na madereva wa Bujumbura walimwachia funguo bila maswali. Kompyuta zilipoanza kuzagaa mjini, akazihamia na bisibisi zake zilezile. Kwake injini ni injini. Watu walimcheka, wakachoka, mwishowe wakaanza kumletea mashine zao.

Mwaka 2004, vita vikiwa bado milimani lakini mji ukianza kuvuta pumzi, alijiwa na Marcellin, mchoraji ramani za nyumba, mtu wa Uvira. Marcellin alikuwa na mteja aliyemshinda. Huyo ni Mama Odette, mjane ambaye nyumba yake ya mtaa wa Kamenge iliteketea mwaka 1995. Alikuwa amekaa ukimbizini miaka minane. Sasa amerudi, wanawe walio Kigoma wako tayari kumjengea, lakini kila akioneshwa ramani anatikisa kichwa.

“Hii ni karatasi,” husema. “Mi siwezi kulala mu karatasi.”

Tangu arudi, kiwanjani hajakanyaga hata mara moja. Wanawe wameshasema: akikataa na safari hii, wanamchukua Kigoma moja kwa moja, habari ya Kamenge iishe.

Basi Marcellin akaijenga nyumba ndani ya kompyuta ya Seifu, ili mama aingie mlangoni na kutembea chumba kwa chumba. Kilichowakwaza ni kadi ya picha, kile kipande cha ndani kinachoichorea kompyuta picha kwenye kioo. Ilikuwa kuukuu, na kila walipogeuka ndani ya nyumba, picha ilikwama, ikaruka, ikakwama tena. Kadi mpya ilikuwa ya kuagiza Dubai, na mama anakuja Alhamisi.

“Tutaisukuma hii hii,” Seifu akasema.

“Haitaungua, kaka?”

“Inaunguaka kwa mutu wa haraka.”

Hapo sina budi kumsifu, maana mtu mwenye majivuno yale ungedhani atavamia. Wapi! Alifungua mashine, akaondoa vumbi kwa brashi, akapaka upya dawa ya kupitishia joto chini ya feni ya kadi, akafunga feni ya pili pembeni. Nguvu ya umeme inayoingia kwenye kadi hakuigusa kabisa. Huko ndiko kadi za watu zilikofia. Kisha akaifungua programu ya kuongezea mwendo. Akapandisha megahezi tano tu, ndicho kipimo cha mwendo wa kadi, akaendesha jaribio robo saa nzima, macho yake kwenye kipimo cha joto na kwenye picha. Picha safi, akaongeza tano nyingine. Alikwenda hivyo asubuhi tatu, mpaka vidoa vyeupe vikajitokeza kwenye kioo, dalili kwamba kadi imezidiwa. Akarudi nyuma hatua mbili na kuandika namba ukutani kwa chaki. Nyumba kwenye kioo sasa ilikuwa inateleza bila kukwama, na Seifu akatembea Buyenzi nzima kifua mbele.

Lakini kosa alikuwa amelifanya, na ni kosa la mafundi wa Buyenzi peke yao. Wao injini huisikiliza baada ya sala ya alfajiri, barabara ikiwa kimya, sikio lisidanganywe. Seifu naye kadi aliirekebisha saa hiyohiyo, kibaridi cha ziwa kikipita dirishani. Mama Odette alikuja saa nane mchana, bati la karakana linachemka.

Akaketi, mkoba magotini. Marcellin akaufungua mlango wa ile nyumba kwenye kioo na kuingia sebuleni. Ghafla ukutani vikazuka vidoa vyekundu, viwili, vitatu, vikaenea mpaka darini, na picha ikaganda papo hapo.

Mama Odette akasimama. “Iko naungua tena,” akasema kwa sauti ndogo.

Seifu aliona aibu ambayo hajawahi kuionja maishani. Mwanamke wa watu amekuja kuiona nyumba yake, naye amemwashia moto. Akazima mashine, akafungua ubavu wake, kadi ikamchoma kidole. “Mama, ni kosa langu mi, si la nyumba,” akasema. “Nipe dakika kumi, nakuomba.”

Mama hakutoka. Alibaki wima karibu na mlango. Seifu akangoja kadi ipoe, akawasha, na bila hata kutazama namba yake ya ukutani akairudisha kadi kwenye mwendo wake wa kiwandani. Fahari ya asubuhi tatu ikaenda. Nyumba ikarudi safi, ukuta mweupe, lakini kila hatua ikawa ya kuvutwa. Ikakwama sebuleni. Ikakwama kwenye korido.

“Unisamehe, mama. Iko inaenda polepole sana. Turudi kesho asubuhi, nitaifanya itembee.”

“Apana, baba. Iache vile.” Alikwisha kukaa tena, na uso wake ulikuwa karibu kabisa na kioo. “Ile siku nilitokaka mbio. Kuingia, wacha niingie polepole.”

Marcellin akaendelea kumpitisha. Chumba cha kwanza, cha pili, bafu. Jikoni akamwambia Marcellin asimame, akatazama kwa muda mrefu.

“Dirisha ya jiko ni ndogo,” akasema, akipangusa macho kwa ncha ya kitenge. “Kesho twende Kamenge, nikuonyeshe penye ile ya zamani ilikuwa.”